UZI: Mto Danube na waandishi wake, angalia kwanza mtu alikuwa anashuka au anapanda

#1 Mleta uzi

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu nasema mapema, mpenzi wa vitabu vya safari avute kiti, asiyependa apite salama.

Kuna huu mto Danube, wa pili kwa urefu Ulaya baada ya Volga, km 2,850 hivi, unatokea Msitu Mweusi kule Ujerumani unaenda kumwaga Bahari Nyeusi, na njiani unapita au kugusa nchi 10: Ujerumani, Austria, Slovakia, Hungaria, Kroatia, Serbia, Romania, Bulgaria, Moldova na Ukraine. Miji mikuu minne imekaa kandokando yake, Vienna, Bratislava, Budapest na Belgrade. Mto wa namna hiyo lazima uandikwe, na umeandikwa tangu enzi za Warumi, na kwenye vitabu vyake kuna swali moja ambalo naona watu wanalipita haraka sana: huyu mwandishi alikuwa anashuka mto au anapanda?

Maana ukishuka na maji, yaani toka Ujerumani kwenda mashariki, hadithi inajipanga yenyewe hata kama hutaki. Unaanza na makanisa marefu, vyuo vikuu, wanafalsafa, muziki wa Vienna, alafu kila ukisogea lugha zinakuwa ngeni, barabara zinakuwa mbovu, na ukifika delta kule Romania, pale mto unapogawanyika kuingia baharini, unajikuta unaandika kama mtu aliyefika mwisho wa dunia. Lakini mtu wa Sulina, mji ulioko hukohuko deltani, hayuko mwisho wa dunia, yuko kwao. Na mto wenyewe uko upande wake, kwasababu kilomita za Danube zinahesabiwa kutoka baharini kwenda juu, sifuri iko Sulina pale mdomoni, meli ikipanda ndo namba inaongezeka mpaka Ujerumani. Waandishi wakubwa wengi wamesafiri kinyume na hizo namba na vitabu vyao vimebeba hiyo alama.

Nashuka nao kwanza, kupanda tutapanda baadae.

#2 Mleta uzi

Naanza na Claudio Magris, Mtaliano wa Trieste aliyezaliwa 1939, profesa wa fasihi ya Kijerumani. Kitabu chake Danubio kilitoka 1986 na toka hapo hakuna anayeandika mto huu bila kupita kwake kwanza.

Anaanzia kwenye chanzo na hapohapo anakuta ugomvi. Mji wa Donaueschingen wanasema mto unaanzia kwao, wana kisima kimejengewa vizuri kwenye bustani ya jumba la ukoo wa Fürstenberg. Mji wa Furtwangen wanasema hapana, kijito cha Breg ndo kirefu zaidi na kinatokea kwetu, mita 1,078 juu ya usawa wa bahari, kwahiyo Danube ni wetu. Magris anaibeba hiyo kesi kwa uzito wote, anapekua maandishi, anatembea kwenye nyasi zenye maji, mpaka inafika nadharia kwamba maji yanatoka kwenye bomba ambalo hakuna aliyeweza kulifunga. Mwanzo unaona kama anachelewesha safari ila taratibu unaelewa anachofanya. Kitabu kizima kinapigana na watu wanaodai asili safi, damu safi, taifa safi, sasa ameanza na mto ambao hata asili yake ina kesi.

Na jiolojia inamuunga mkono vizuri tu. Ukishuka kidogo, karibu na Immendingen, maji ya Danube yanazama ardhini kwenye mawe ya chokaa, kuna vipindi vya mwaka mto unakauka kabisa pale juu unaweza ukavuka kwa viatu. Mwaka 1877 walimwaga chumvi na rangi kwenye hayo matundu, baada ya saa 60 hivi zikatokea kwenye chemchemi ya Aach, km 12 hivi kutoka pale, na hiyo Aach inaingia Ziwa Konstanz, na ziwa linaingia mto Rhine. Maana ake sehemu ya maji ya Danube inaishia Bahari ya Kaskazini kupitia Rhine! Na Magris anaiweka mito hii miwili kama wapinzani, Rhine mto wa Siegfried, yule shujaa wa hadithi za kale za Kijerumani, na ulinzi wa Ujerumani halisi, Danube mto wa watu waliochanganyika, Wajerumani, Wahungaria, Waslavi, Waromania, Wayahudi. Kumbe chini ya ardhi wapinzani wanapeana maji.

Kuanzia hapo kila mji kwake ni mlango wa maktaba. Ulm anakaa, Regensburg anakaa, Passau pale mito mitatu inapokutana anakaa, anaenda mpaka Kierling karibu na Vienna kwenye nyumba aliyofia mwandishi Kafka tarehe 3 Juni 1924. Na hapiti Mauthausen kwa kufumba macho. Hiyo kambi ya Wanazi iko karibu kabisa na mto, sio mbali na Linz, watu walibebeshwa mawe ya granaiti kutoka machimboni kupanda ngazi 186, kati ya watu kama 190,000 walioletwa pale na kambi zake ndogo waliokufa ni wasiopungua 90,000. Kitabu cha safari kinachosifia mvinyo wa bonde la Wachau alafu kinaruka Mauthausen mimi sikiamini tena hata kwenye mvinyo.

Ila sasa naomba mnivumilie wanaompenda Magris, na mimi nampenda. Huyu mzee anasafiri na vitabu vya Kijerumani. Kule juu ambako kila jiwe limeandikwa na Mjerumani fulani anatembea taratibu, mji mmoja kurasa na kurasa. Akishaingia Bulgaria na Romania mwendo unabadilika, naona anahitaji mwenyeji, anahitaji kuelezwa. Sio dharau, ana heshima sana kwa watu wa kule, ila ndo tabia ya kushuka: unachokijua kiko nyuma yako. Na kumbukeni ilikuwa 1986, pazia la chuma bado lipo, ukitoka Vienna tu unaingia nchi za kikomunisti, miaka mitatu kabla mambo hayajavunjika.

#3 Mleta uzi

Wa pili ni Patrick Leigh Fermor, Mwingereza. Desemba 1933 ana miaka 18, shule zimemshinda, anaamua kutembea kwa miguu toka Uholanzi mpaka Istanbul, ambayo yeye mpaka mwisho aliita Constantinople. Anapanda Rhine kwenye barafu, anaikuta Danube pale Ulm, alafu anafuata mto. Usiku mmoja zizini usiku mwingine kwenye ngome ya kabaila, maana alipewa barua ya utambulisho na hao makabaila wakawa wanapasiana kijana.

Utamu wake ni kwamba kitabu cha kwanza, A Time of Gifts, kimetoka 1977. Zaidi ya miaka 40 baadae! Mkoba wake wa mwanzo uliibiwa Munich pamoja na daftari, kwahiyo kinachoandika ni kumbukumbu ya mzee ikimtafuta kijana. Wapo wanaolalamika kwamba hawezi kukumbuka kila mshumaa na kila kofia, mimi naona wanakosea swali. Yule mzee anajua kitu ambacho kijana hajui, anajua nini kiliwapata watu wote wale waliomkaribisha: vita, Wayahudi kuuawa, wakomunisti kuchukua zile ngome. Anajizuia kusema, na kule kujizuia ndo kunauma.

Mfano mmoja tu. Kitabu cha kwanza kinaishia 1934 wakati wa Pasaka, kijana amesimama katikati ya daraja la Mária Valéria, nyuma Slovakia mbele Esztergom ya Hungaria. Daraja hilo lililipuliwa 1944 na jeshi la Kijerumani likirudi nyuma, likajengwa upya na kufunguliwa 2001. Yaani 1977 msomaji anafunga kitabu akiwa amesimama juu ya daraja ambalo halipo. Kitabu cha pili kikatoka 1986, mwaka uleule wa Magris, cha tatu 2013 yeye akiwa ameshafariki tangu 2011.

#4 Mdau wa Tanga

Mkuu nondo nzito. Ila wote hao ni wa upande mmoja. Waturuki wametawala huko karne ngapi, Budapest yenyewe ilikuwa yao. Hakuna Mwislamu aliyeuandika huo mto?

#5 Mleta uzi

Yupo kaka tena hana mfano. Evliya Çelebi, mtu wa Istanbul, kazaliwa 1611, kitabu chake cha safari, Seyahatname, ni juzuu 10. Buda, yaani upande mmoja wa Budapest ya leo, ilikuwa chini ya Waosmani, hao Waturuki, kuanzia 1541 mpaka 1686, kwahiyo yeye anafika pale kama mtu aliye ndani ya dola yake, anataja misikiti, hamamu, ngome, anatoka mashariki anaenda magharibi. Mwaka 1665 akaingia Vienna na msafara wa balozi Kara Mehmed Pasha. Angalia sasa mambo yalivyogeuka: kwake yeye Vienna ndo ugenini, Vienna ndo mahali pa maajabu. Anasimulia madaktari wao, muziki wa kinanda cha kanisani, na anatazama maktaba ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano jinsi vitabu vinavyopanguswa na kutunzwa alafu anaumia akikumbuka vitabu vya msikiti kule Alexandria vinavyooza kwa kukosa mtu wa kuvijali. Chumvi anaongeza, tena nyingi, kuna kampeni za vita anadai alikuwepo hazikutokea. Lakini hilo la vitabu lina uchungu wa kweli, mtu hatungi uchungu wa vile.

Na yuko mwingine wa Danube ya chini kabisa, wa zamani zaidi. Ovid, mshairi wa Kirumi, Kaisari Augusto alimtupa uhamishoni Tomis mwaka 8 BK, sasa hivi panaitwa Constanța, pwani ya Bahari Nyeusi kusini ya delta. Anaandika mto unaganda mpaka magari ya ng'ombe yanapita juu yake, mvinyo unaganda unabaki na umbo la mtungi, watu wanagawiwa vipande. Yeye ndo ametupa ile picha ya Danube ya chini kama jehanamu ya baridi, na waandishi wameirithi miaka 2,000. Lakini alikuwa mfungwa anayeomba arudishwe Roma, sasa ulitegemea asifie?

#6 Mdau wa Nairobi

Mimi nimeishi Vienna kwa muda, hiyo maji si ya bluu hata kidogo, ni kijani ama kahawia. Hao waandishi hawakuona ama ni ile wimbo imewaharibu?

#7 Mleta uzi

Waliona. Ni waltz, muziki wa dansi, ya Johann Strauss mtoto, 1867, ndo iliyotia bluu, na Magris mwenyewe analisema hilo la rangi. Alafu kwa Vienna kuna jambo kubwa kuliko rangi: kati ya 1870 na 1875 mto ulinyooshwa, ukachimbiwa njia mpya kukwepa mafuriko, ndo maana katikati ya mji unaona mfereji tu na Danube kubwa iko kule pembeni. Mji unaoimba mto kuliko wote umekaa umeupa mgongo. Budapest ndo unaona mto umepita katikati ya maisha ya watu.

Na kwa Budapest siwezi kupita bila mshairi wa Hungaria Attila József, shairi lake la Kando ya Danube, 1936. Amekaa kwenye jiwe la chini kabisa la gati anaangalia ganda la tikiti linaelea. Ndo hivyo tu, hajasafiri popote. Alafu anaanza kuhesabu damu yake, mama Mkumani, baba nusu Msekeli (hayo ni makabila ya kule) nusu Mromania, anasema waliovamia na waliovamiwa wote wako ndani yake, na kazi iliyobaki ni kupatanisha mambo yetu ya pamoja. Miaka minane baadae, msimu wa baridi wa 1944 kuingia 45, kwenye kingo hizohizo wanamgambo wa Msalaba wa Mishale, chama cha Kihungaria kilichoungana na Wanazi, wakawa wanawapanga Wayahudi wanawaamuru wavue viatu alafu wanawapiga risasi waangukie mtoni. Leo kuna viatu vya chuma jozi 60 pale ukingoni, viliwekwa 2005. Mimi lile shairi naliweka juu ya vitabu vingi vya safari, mtu amekaa sehemu moja na mto mzima umepita kwake.

#8 Mdau wa Mwanza

Umesema utapanda. Panda basi mkuu.

#9 Mleta uzi

Napanda. Nick Thorpe, mwandishi wa habari Mwingereza anayeishi Budapest tangu miaka ya 1980, kitabu chake cha 2013 kimeanza delta kikaishia Msitu Mweusi, kinyume na Magris. Hana ile elimu ya kutisha ya Magris na sentensi zake ni nyepesi kuliko za Fermor, ila mwelekeo umempa kitu ambacho wao hawakupata. Anaanza na wavuvi. Walipovani, Warusi wa madhehebu ya zamani waliokimbilia kwenye matete ya delta kuepuka mateso ya kidini, bado wapo. Na anaanza na samaki wakubwa wa kaviari, yale mayai ya samaki ya bei ghali, ambao kwa asili wanatoka baharini wanapanda mto kutaga, zamani walikuwa wanafika mpaka Vienna na kupita. Leo wanagonga ukuta. Lile bwawa la Lango la Chuma kati ya Romania na Serbia lilifunguliwa 1972, la pili chini yake 1984, samaki hana njia. Ukishuka na Magris bwawa ni mandhari, ukipanda na samaki bwawa ndo habari yenyewe.

Na bwawa hilo ndo lilizamisha Ada Kaleh. Kisiwa kidogo katikati ya mto karibu na Orșova, wakazi Waturuki, wana msikiti, ngome, tumbaku, mawaridi. Kwenye mkutano wa Berlin 1878 wakubwa walipokuwa wanagawana Balkani walikisahau kisiwa, kikabaki cha Sultani mtoni peke yake mpaka mkataba wa Lausanne 1923. Fermor alifika 1934 akanywa kahawa na wazee pale, kitabu chake cha pili kinaishia maeneo hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maji yakapanda. Watu wengine wakahamia Uturuki, wengine Constanța, na zulia kubwa la msikiti wao, zawadi ya Sultani Abdulhamid, liko mpaka leo kwenye msikiti mkuu wa Constanța.

Kinachonishika mimi ni hiki. Kwenye kitabu cha kwanza Fermor anakutana na mzee msomi kwenye nyumba ya wageni huko Austria, anamweleza samaki wote wa Danube na makabila yote yaliyopita, alafu anasema kwa huzuni wanataka kujenga mabwawa ya umeme na hivi vyote vitapotea. Na bwawa la Ybbs-Persenbeug likajengwa kwelikweli miaka ya 1950 palepale. Kwahiyo Fermor alishaambiwa, ila alisikia akiwa upande wa juu wa mto. Wa chini ndo walizama.

#10 Mdau wa Zanzibar

Assalaam alaykum. Nimesoma mwanzo mwisho. Na sisi Waswahili hatuna mtu aliyekwenda kwao akawaandika wao?

#11 Mleta uzi

Waalaykum salaam. Danube simjui mtu, ila Ulaya tunaye, tena mapema. Mjerumani Carl Velten alichapisha 1901 kitabu cha Safari za Wasuaheli, maandishi ya Kiswahili ya watu wa pwani wenyewe. Mle ndani kuna Selim bin Abakari, asili yake Komoro, ameandika safari yake ya Urusi mpaka Siberia akiwa na bwana wa Kijerumani. Anatazama treni, baridi, chakula, ibada za watu, anapima kama mtu wa pwani anavyopima, nani ana adabu nani hana, nani ni Mwislamu, nani anasujudia nini. Soma huyo alafu soma Evliya akiwa Vienna, utaona wanaelewana. Wote wawili wanawaandika Wazungu wa huko kama watu wenye mila zao za ajabu, bila kuomba radhi.

#12 Mdau wa Tanga

Sasa mtu mwenye muda mdogo aanze na kipi?

#13 Mleta uzi

Asianze na kitabu cha safari. Aanze na mwandishi Elias Canetti, kumbukumbu zake za utotoni zilizotoka 1977, huyu alipata Nobel ya fasihi 1981. Kazaliwa 1905 Ruse, Bulgaria, mji wa bandari kwenye Danube ya chini, familia ya Wayahudi waliofukuzwa Hispania 1492 na nyumbani bado wanaongea Kihispania cha mababu. Anasema kwa siku moja mjini pale ungeweza kusikia lugha saba au nane, Kibulgaria, Kituruki, Kigiriki, Kiarmenia, Kiromania, Kirusi, za Wagipsi. Mtoto anahadithiwa mbwamwitu wanaokimbiza watu juu ya mto ulioganda. Na mtu akipanda mto kwenda Vienna watu wa Ruse walikuwa wanasema fulani ameenda Ulaya. Ulaya ilikuwa huko juu, kule dola ya Kituruki ilipokuwa inaishia zamani.

Alafu yeye mwenyewe anasema kila alichokuja kukiona maishani kilikuwa kimeshatokea Ruse. Manchester, Vienna, Zurich, zote amekaa, na bado anasema hivyo. Nyumbani kwake ni chini ya mto na yeye ndo anapanda. Sura za Ruse ziko mwanzoni kabisa mwa kitabu na ni chache, jioni moja unamaliza. Ukitoka hapo chukua Magris, ukifika kwenye kurasa zake za Ruse utajua umefika kwa nani.